Kukadiria Upotevu wa Mawimbi ya Redio Vijijini

Upotevu wa mawimbi ni tofauti kati ya nguvu inayotoka kwenye antena ya mnara na nguvu inayomfikia mpokeaji, awe ni mkulima aliyeshika simu shambani au zahanati ya kata iliyofunga dishi dogo juu ya mlingoti. Tofauti hiyo ni kubwa kiasi kwamba mnara unaorusha wati 20 huweza kusikika vizuri na simu inayopokea chini ya sehemu moja ya bilioni ya wati, na kwa kuwa namba za namna hiyo ni taabu kuziandika na kuzijumlisha, wataalamu hutumia desibeli, kipimo ambacho huongezeka kwa 10 nguvu ikizidi mara 10, huongezeka kwa 3 nguvu ikizidi mara mbili, na hupungua kwa 3 nguvu ikibaki nusu. Nguvu yenyewe huandikwa kwa dBm, yaani desibeli zinazohesabiwa kuanzia miliwati moja, ambayo ndiyo sifuri. Hivyo wati 20 ni dBm 43, na nguvu hafifu inayofika kwenye simu huwa namba hasi, ambapo −70 ni bora kuliko −100 kwa desibeli 30, sawa na mara 1,000.

Msomaji anayekusudia kupanga mnara wa kijiji, kiungo cha intaneti cha shule au mtandao wa jamii anapaswa kuelewa mapema jambo moja linalotawala kazi hii yote: kanuni za kukadiria upotevu zilitokana na vipimo vya mahali pengine, na zile zinazotumika zaidi zilianzia mijini, kwa hiyo kadirio lililofanyiwa mezani ni rasimu tu, na hukamilika pale linaposahihishwa kwa vipimo vilivyochukuliwa kijijini penyewe, chini ya miti ileile na katika msimu unaojulikana.

Kutoka anga tupu hadi ardhini

Hesabu huanza na anga tupu, yaani hali ya kinadharia ambayo kati ya antena mbili hakuna ardhi, mti wala ukuta. Harald Friis, mhandisi wa Bell Telephone Laboratories nchini Marekani, alichapisha mwaka 1946 kanuni ambayo leo huandikwa hivi: upotevu kwa desibeli ni 32.44, jumlisha mara 20 ya logi ya umbali kwa kilomita, jumlisha mara 20 ya logi ya masafa kwa megahezi, ambapo masafa ni idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde na megahezi moja ni mitetemo milioni moja. Kwa megahezi 900 na umbali wa kilomita 10 jibu ni desibeli 111.5. Namba hii haitoshi kwa simu ya kijijini, lakini ina kazi muhimu ya kuwa sakafu, kwani kadirio linalotoa upotevu mdogo sana kuliko huo karibu kila mara lina kosa la hesabu ndani yake.

Simu ikiwa mita 1.5 tu juu ya ardhi, wimbi linalokuja moja kwa moja hukutana na lile lililodunda ardhini, na kadiri umbali unavyoongezeka mawili hayo huelekea kufutana, ndiyo maana upotevu hukua haraka kuliko anga tupu linavyoonyesha. Modeli inayotumika zaidi kulihesabia jambo hili ni ile ya Okumura na Hata. Yoshihisa Okumura na wenzake walipima mawimbi Tokyo na maeneo yanayouzunguka mji huo, wakachapisha michoro ya matokeo yao mwaka 1968, kisha Masaharu Hata akaigeuza michoro hiyo kuwa kanuni mwaka 1980. Sehemu ya kwanza ya kanuni ni ya mji:

L = 69.55 + 26.16 log f − 13.82 log H − a + (44.9 − 6.55 log H) log d

Hapa f ni masafa kwa megahezi, H ni kimo cha antena ya mnara kwa mita, d ni umbali kwa kilomita, na a ni sahihisho la kimo cha simu, ambalo kwa mji wa kawaida na simu ya mita 1.5 kwenye megahezi 900 hukaribia sifuri. Kwa eneo la wazi la mashambani, jibu la mji hupunguzwa kwa 4.78 (log f)², huongezwa 18.33 log f, kisha hutolewa 40.94. Mnara wa mita 40 ukihesabiwa kwa megahezi 900 na kilomita 10, upotevu katika eneo la wazi huwa karibu desibeli 131, yaani desibeli 19 zaidi ya anga tupu, na kila umbali unapozidi mara mbili hupotea desibeli 10 hivi badala ya 6. Mipaka ya modeli lazima iheshimiwe: masafa kati ya megahezi 150 na 1,500, antena ya mnara kati ya mita 30 na 200, simu kati ya mita 1 na 10, na umbali kati ya kilomita 1 na 20. Nje ya mipaka hiyo kanuni bado hutoa jibu, lakini jibu hilo halina kinacholitetea.

Upotevu ukishajulikana, nguvu inayopokewa hupatikana kwa kujumlisha na kutoa. Mnara wa dBm 43 wenye antena inayoongeza desibeli 17 na nyaya zinazopoteza 2 hutoa 58. Zikitolewa 131 hubaki dBm −73. Hapa pana kosa ambalo huharibu kazi nyingi nzuri. Simu ya 4G haionyeshi nguvu yote inayopokewa, bali huonyesha RSRP, yaani nguvu ya kijimkondo kimoja kati ya vingi vinavyounda wimbi pana, na wimbi lenye upana wa megahezi 10 lina vijimkondo 600, ambavyo kwa desibeli ni 27.8. Kadirio la −73 likigeuzwa kuwa RSRP linakuwa karibu −101. Asiyefanya mageuzi hayo ataona simu inasoma desibeli 28 chini ya hesabu yake, ataishutumu miti au milima, na ataanza kurekebisha modeli isiyo na kosa.

Milima

Ukingo wa Usambara Magharibi ni mfano mzuri wa mahali ambapo modeli ya kawaida huvunjika. Kutoka Irente, karibu na Lushoto, ardhi huporomoka takriban mita 1,000 hadi tambarare ya Mazinde. Mnara ukisimamishwa ukingoni, kimo chake halisi juu ya wanakijiji wa bondeni kinapita mbali mita 200 za Hata, kwa hiyo modeli hiyo haifai; na kwa kuwa antena na kijiji vinaonana bila kizuizi, kanuni ya Friis ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli, ikitoa upotevu wa desibeli 101 tu kwa kilomita 3 kwenye megahezi 900. Lakini antena za minara hukusanya nguvu zake katika ukanda mwembamba wa wima, aghalabu usiozidi nyuzi 10, na kijiji kilicho kilomita 3 mbele na mita 1,000 chini kiko nyuzi 18 chini ya upeo wa macho, kwa hiyo ukanda huo hupita juu ya vichwa vya watu na kutua mbali zaidi. Wakazi wanaouona mnara kwa macho huku simu zao zikiwa hazina mtandao hawakosei kulalamika, na dawa ni kuiinamisha antena au kuongeza nyingine inayotazama chini, hatua ambayo mpangaji anaweza kuibaini mapema kwa kuhesabu pembe kabla ya nguzo kusimikwa.

Kijiji kilicho nyuma ya kilima kina hesabu nyingine. Mawimbi hupinda kidogo yanapopita juu ya kilele, na kilele kinachogusa tu mstari unaounganisha antena mbili tayari hupunguza desibeli 6. Kilele kikizidi mstari huo kwa mita 30, kikiwa kilomita 5 kutoka mnarani na kilomita 3 kutoka kwa mpokeaji, hupoteza karibu desibeli 18 kwenye megahezi 900. Mpokeaji akisogea hadi kilomita 1 nyuma ya kilele hichohicho, mnara ukiwa kilomita 7 upande wa pili, upotevu hufika karibu 21, na kwenye megahezi 1,800 hufika 24. Nyumba zilizobanana na mlima ndizo zinazoumia zaidi, na masafa ya chini huwafaa wakazi wake kuliko ya juu.

Umbo la ardhi halina haja ya kupimwa kwa miguu. Mwezi Februari 2000 chombo cha anga Endeavour kilipima kwa rada miinuko ya sehemu kubwa ya dunia, na takwimu hizo, zenye pointi kila mita 30 hivi, hupatikana bure na husomwa na programu kama Radio Mobile ya Roger Coudé, inayotumia modeli ya Longley na Rice ya mwaka 1968, iliyotungwa mahsusi kwa ardhi isiyo tambarare. Ikumbukwe tu kwamba rada hiyo katika misitu haikufika chini kabisa, bali ilirudishwa na matawi, kwa hiyo msitu uliokuwapo mwaka 2000 huonekana kama kilima kidogo hata kama umekwisha kukatwa, na shamba la miti lililopandwa baadaye halionekani kabisa. Katika mashamba ya misonobari ya Sao Hill, wilayani Mufindi, ambako miti huvunwa na kupandwa upya kwa zamu, mpangaji asiyekwenda kuangalia kwa macho atakuwa anakadiria mawimbi juu ya msitu ambao haupo tena.

Miti na misimu

Mimea ndiyo sehemu ya kadirio la vijijini iliyo ngumu kuliko zote, na ndiyo inayopewa muda mfupi zaidi. Majani na matawi hunyonya sehemu ya nguvu na kuitawanya nyingine. Kanuni rahisi ya kuanzia ni ya Weissberger, ya mwaka 1982: kwa kina cha miti kati ya mita 14 na 400, upotevu ni 1.33 mara f kwa kipeo 0.284, mara kina kwa kipeo 0.588, ambapo f sasa ni gigahezi na kina ni mita. Mita 50 za miti hutoa desibeli 13 kwenye megahezi 900 na 22 kwenye gigahezi 5.8. Upotevu huo ukiongezwa kwenye mfano wa awali, RSRP ya −101 inashuka hadi −114, kiwango ambacho simu nyingi hukatika au intaneti huwa ya kusuasua.

Kanuni hii hutumiwa vibaya kwa namna mbili. Kwanza, kina kinachotakiwa ni umbali ambao wimbi linasafiri ndani ya majani, si upana wa msitu mzima. Wimbi la mnara wa mbali hupita juu ya vilele vya miti na kuinama kuelekea simuni katika mita za mwisho, kwa hiyo anayeingiza kilomita 2 za msitu kwenye kanuni anavunja mpaka wake na anapata upotevu usiowezekana. Anapaswa kuhesabu miti ya karibu na mpokeaji pekee, na vilele vya msitu avichukulie kama ukingo wa kilima. Pili, kanuni inahusu miti mikavu yenye majani ya nchi zisizo za tropiki, ilhali jani lililolowa hunyonya zaidi.

Kwa sababu hiyo aina ya mti ijulikane kwa jina lake. Miombo ya Tabora, Katavi na Ruvuma hupukutisha majani kiangazi na kuchipua tena hata kabla mvua hazijanyesha, hivyo kipimo cha Julai au Agosti hakina haki ya kuzungumzia Januari. Mikorosho ya Mtwara na Lindi haipukutishi, na matawi yake hushuka hadi karibu na ardhi, kwa hiyo mtu aliye shambani humo amezungukwa na majani mwaka mzima. Minazi ni kinyume chake, kwani shina ni tupu na makuti yote yako juu: antena ya nyumbani ikae chini ya makuti au juu yake, isiwekwe katikati yake. Shamba la mahindi halizuii mnara wa mbali kwa kiasi kikubwa mpaka mahindi yanapozidi kimo cha mtu, na hapo simu ya mkononi inakuwa chini ya majani.

Viungo vya dishi kwa dishi

Kiungo kinachopeleka intaneti kutoka makao ya kata hadi shuleni hutegemea antena kuonana, lakini kuonana kwa macho hakutoshi. Wimbi hutumia nafasi yenye umbo la yai refu lililozunguka mstari wa kuonana, nafasi iitwayo ukanda wa Fresnel, na angalau asilimia 60 ya nusu kipenyo chake inapaswa kuwa wazi. Nusu kipenyo hicho katikati ya njia, kwa mita, ni 8.66 mara kipeuo cha pili cha umbali kwa kilomita uliogawanywa kwa gigahezi. Kwa kiungo cha kilomita 12 kwenye gigahezi 5.8 ni mita 12.5, na asilimia 60 yake ni mita 7.5, mviringo wa dunia huongeza mita 2 hivi katikati, na miti ya mita 10 ikiwapo, mstari unapaswa kupita karibu mita 20 juu ya ardhi. Miti hukua, kwa hiyo mita chache za ziada sasa ni nafuu kuliko kurefusha mlingoti baada ya miaka mitatu. Kiwango cha nguvu kinachoruhusiwa na masafa yenyewe yathibitishwe na mamlaka ya mawasiliano ya nchi husika kabla ya kurusha.

Mvua haina uzito mkubwa chini ya gigahezi 10. Kwenye gigahezi 23 mvua ya milimita 100 kwa saa hupunguza zaidi ya desibeli 10 kwa kila kilomita. Maji ya ziwani yana tabia tofauti: kiungo kinachovuka Ziwa Victoria, mathalani kutoka Ukerewe hadi Ukara, hupokea pia wimbi lililodunda majini, ambalo kwa saa fulani huongeza nguvu na kwa saa nyingine huifuta, kwa hiyo antena moja iwekwe juu zaidi ya nyingine ili sehemu ya kudunda isogee ufukweni, penye vichaka au mawe.

Nyumba na akiba

Bati halipitishi mawimbi. Ndani ya nyumba ya bati mawimbi huingia kwa madirisha, milango na uwazi wa chini ya paa, na mnara ukiwa mlimani juu ya kijiji hali huwa mbaya zaidi kwa sababu wimbi linatua juu ya bati lenyewe. Hakuna haja ya kutafuta namba vitabuni: isomwe nje, isomwe ndani, na tofauti hiyo iongezwe kwenye upotevu. Antena ya nje iliyo juu ya paa husaidia sana, kwani kwa kanuni ya Hata kupanda kutoka mita 1.5 hadi 5 peke yake kunaleta desibeli 9 kwenye megahezi 900.

Zaidi ya hayo kuna mtawanyo ambao hakuna modeli inayoufuta. Nyumba mbili zilizo umbali uleule kutoka mnarani hutofautiana, na mkengeuko wa kawaida wa tofauti hizo mara nyingi huwa kati ya desibeli 6 na 10. Kadirio la wastani maana yake nusu ya nyumba zitapata chini ya hapo. Ukitakiwa uhakika wa asilimia 90 mpakani mwa eneo, akiba ni mara 1.28 ya mkengeuko, yaani desibeli 10 kwa mkengeuko wa 8. Mpango unaotangaza kuwa kijiji kimefikiwa bila kuweka akiba hiyo unawahesabu kuwa wamehudumiwa watu ambao hawatapata kupiga simu wakiwa na mgonjwa usiku.

Kupima na kusahihisha

Vipimo huchukuliwa kwa simu ileile moja tangu mwanzo hadi mwisho, ikishikwa kwa kimo kilekile, kwa programu inayohifadhi RSRP, mahali na namba ya kituo cha mnara. Namba ya kituo ni ya lazima, kwani simu ikihamia mnara mwingine bila mpimaji kujua, yeye huendelea kulinganisha hesabu ya mnara mmoja na nguvu ya mwingine. Kila mahali, mpimaji atembee polepole kama mita 13, ambazo ni urefu wa mawimbi 40 kwenye megahezi 900, na atumie wastani wa masomo yote, kwa sababu nguvu hupanda na kushuka kwa desibeli nyingi ndani ya hatua moja.

Kipimo huondolewa kadirio, na masalio yapangwe kwa makundi: eneo la wazi, mikorosho, nyuma ya kilima, ndani ya nyumba. Wastani wa masalio wa kundi ukiwa −7, upotevu wa kundi hilo uongezwe desibeli 7. Mkengeuko wa masalio yaliyobaki ndio utakaotumika kuhesabia akiba, badala ya ule wa kukopa vitabuni. Theluthi moja ya vituo iwekwe kando tangu mwanzo bila kutumiwa katika marekebisho, ili modeli iliyorekebishwa ijaribiwe kwa mahali isipopajua.

Mahali ambapo simu haikusoma chochote pasifutwe kwenye daftari. Kufuta vituo visivyo na mtandao ni kosa linalofanyika kwa urahisi sana, kwa kuwa hakuna namba ya kuandika, lakini huondoa hasa vile vyenye upotevu mkubwa, na wastani unaobaki hufanya kijiji kionekane kimehudumiwa kuliko kilivyo. Vituo hivyo viandikwe kuwa chini ya uwezo wa simu, na kila modeli inayotabiri kwamba vingekuwa na mtandao ihesabiwe imekosea hapo.

Kando ya kila kipimo iandikwe tarehe, kama mvua imenyesha siku hiyo, na kama miti ina majani. Vituo vichache vilivyochaguliwa chini ya miti ya kila aina virudiwe masika na kiangazi, na tofauti itakayopatikana iongezwe kwenye upotevu wa nyumba zote zilizo chini ya miti ya aina hiyo, zikiwemo zile ambazo hazikufikiwa na mpimaji.